Mbabula ya Alhamisi

Kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, ukiuliza lupango ya Mama Louise, yaani kiwanja chake, hakuna atakayekueleza nyumba, kwa sababu nyumba zinafanana: matofali ya udongo, mabati yenye kutu, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Watakuambia, "Angalia nguzo." Na kweli nguzo iko, bomba la maji la zamani lililopakwa rangi nyeupe, limesimama katikati ya ua. Juu yake kuna mrija mweusi uliofunikwa na kikombe cha plastiki kilichogeuzwa kichwa chini ili mvua isiingie. Kikombe ni cha kijani, kimevunjika mkono, na Mama Louise mwenyewe ndiye aliyekitoa kabatini.

Nguzo iliwekwa kwake kwa sababu ardhi yake ni nzima. Miaka ile watu walipochimba kobalti chini ya vitanda vyao, mpaka ukipita njiani unaogopa kukanyaga dari ya jirani, yeye alikataa. Marehemu mume wake, Tata Kyungu, karani wa reli, alikuwa amemwachia sakafu ya saruji aliyoipaka rangi nyekundu kwa mikono yake, na kila Jumamosi Mama Louise aliipiga nta mpaka ikang'aa. Wachimbaji walikuja wakataja bei, wakapandisha bei, wakaondoka.

"Mi niko na fasi ya kulala," aliwaambia. "Shimo yangu itakuya yenyewe, na haina haraka."

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi wa tisa wa mwaka 2021, Merdi alipotafuta mahali ambapo ardhi haitazama, watu walimleta moja kwa moja kwa Mama Louise. Merdi alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, anamalizia masomo yake ya juu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi na mkoba umejaa karatasi. Alipotoa futi akaanza kupima ua, majirani wakajaa kwenye uzio. Pale Kasulo mtu akipima ardhi, kila mmoja anajua anatafuta nini.

"Mama Louise!" aliita Mamie, jirani wa upande wa kushoto, anayekaanga mikate ya mafuta kila asubuhi. "Kama banapata kobalti, usisahau nani anakuleteaka mikate!"

"Banatafuta hewa," alijibu Mama Louise, ambaye alikuwa ameshaelezwa.

"Hewa?" Mamie alicheka mpaka akashika uzio. "Hewa banaikosa wapi, mpaka bakuye kuitafuta kwako?"

Merdi hakukasirika. Aliomba sahani ya mahindi, akaiweka magotini, akawaelezea wote waliokuwa pale. "Fanyeni kama hii hewa yote iko mahindi. Ukihesabu punje milioni moja, karibu mia ine na makumi mbili zinakuwa nyekundu. Zile nyekundu njo gesi yenye kufunika dunia sawa blanketi, joto haitoke, na haina rangi wala harufu. Kila mwaka zinaongezeka. Lakini mu muji haziko sawa kila fasi, na kiangazi haiko sawa na wakati ya mvula. Njo nataka kuyua: hapa Kolwezi, wapi ziko mingi, na mwezi gani."

"Na nani atahesabu?" aliuliza Mama Louise, akiitazama sahani.

"Mashine, mama."

"Afazali."

Vituo vilikuwa vitano. Cha kwanza kwa Mama Louise, mahali watu wanapoishi. Cha pili kando ya barabara ya malori ya madini, cha tatu kwenye ukingo wa mashimo ya mgodi wa Mashamba, cha nne karibu na dimbwi la tope linalopokea takataka za mji. Cha tano kilikuwa mbali, Tenke, nyuma ya stesheni kwenye miti, ili kuwe na hewa ya kulinganishia. Mahali watu wanapoishi kilikuwa kimoja tu, hicho cha Mama Louise.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, Mama Louise anaunganisha chupa ya chuma kwenye mrija, anafungua koki, anapiga pampu mara sitini, anafunga koki, anabandika karatasi yenye tarehe. Asipike karibu na nguzo kabla ya chupa kufungwa. Kusiwe na moshi hatua thelathini kuzunguka. Na wakati koki iko wazi asipumue upande wa mrija, maana pumzi ya mtu nayo imejaa zile punje nyekundu. Mama Louise aliona ni heri asipumue kabisa. Alijaza kifua, akapiga pampu ishirini, akageuka nyuma kupumua, akarudi. Mamie alimtazama juu ya uzio akasema anafanana na mtu anayepita nyuma ya choo cha soko.

Merdi alimpa pia kaye, daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula: upepo, mvua, moshi, moto wa kupikia. Mwishoni palikuwa na safu pana iliyoandikwa "Mengineyo". Mama Louise alisoma darasa sita tu kwa masista, lakini masista walimfundisha kwamba nafasi ikiachwa wazi kwenye karatasi ni uvivu. Safu ya Mengineyo aliijaza mpaka maneno yakapanda kwenye ukingo. *Umande mzito. Jogoo wa Mamie amewika mara tatu. Lori moja limesikika mbali. Mtoto wa nyuma anakohoa tena. Maua ya papai yameanza.* Merdi alipoyasoma mara ya kwanza alitabasamu, akasema si lazima kuandika habari za jogoo.

"Ile fasi ulinipa ni kubwa, mwana," Mama Louise alijibu. "Nitaweka nini?"

Jumatatu chupa ilijazwa, ikawekwa chini ya kitanda kusubiri. Alhamisi ilikuwa siku ya mgeni, kwa sababu Tata Barnabé alikuja na pikipiki kuchukua chupa zote mbili na kumpelekea Merdi, akianzia Kasulo. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mchimbaji wa zamani, mkubwa wa mwili na wa maneno, mwenye goti moja lililoharibikia shimoni. Alifika saa kumi na mbili na robo, chupa tayari imefungwa. Na mtu aliyepanda pikipiki alfajiri huwezi kumpokea kwa mikono mitupu. Kwao Mama Louise, kaskazini, mgeni wa asubuhi haulizwi habari kabla hajakaa, na hakai kabla mbabula, lile jiko dogo la bati, haijawekwa mbele ya miguu yake, makala, yaani makaa, yamekuwa mekundu. Na yawe mekundu kweli. Kumpa mgeni mbabula inayofuka moshi ni kama kumwambia hukumtarajia. Kwa hiyo aliwasha mapema, saa kumi na moja na nusu, akapepea kwa kipande cha katoni mpaka moshi wote ukaisha, makala yakakaa kimya na kuwaka kama jua linalotua. Birika la chai likapanda juu.

Wakati wa mvua yote hayo yalifanyika kwenye jiko la nyuma, chini ya bati. Mvua ilipokwisha na baridi ya mwezi wa tano kuingia, baridi ile ya Kolwezi inayouma vidole mpaka saa tatu, aliileta mbabula mbele, kwenye viti viwili chini ya ukingo wa paa, ili jua la kwanza lisaidiane na makala kumpasha Tata Barnabé goti lake.

Merdi alikuja kila mara na karatasi za namba, akamwonyesha mstari uliochorwa na mashine. Ulitembea vizuri. Wakati wa mvua, majani yakiwa mengi na upepo ukivuma, mstari wa Kasulo ulikaa chini, mia nne na ishirini na kitu. Ule wa kwenye tope, wa gesi ya pili, methani, inayotoka kwenye takataka zinazooza, ndio uliopanda mvua zilipozidi. Kiangazi kilipoingia, mambo yakageuka. Majani yakakauka, watu wakachoma nyasi, na asubuhi hewa baridi ikalala chini bila kutikisika, ikishika kila kinachotoka majikoni na kwenye malori. Mstari wa Kasulo ukapanda hadi mia nne arobaini na zaidi. Mama Louise alipenda kuona kwamba kile alichokihisi puani miaka yote, ule uzito wa hewa ya mwezi wa sita, kilikuwa na namba.

Sasa, Jumamosi ya tarehe tisa mwezi wa saba, Merdi alifika bila karatasi mkononi. Alikaa kwenye kiti cha Tata Barnabé, akazungusha funguo zake.

"Mama, mulilamuka?" alimwamkia.

"Tulilamuka muzuri. Sema tu, mwana. Uso yako ilisha kusema."

Merdi akasema. Tangu katikati ya mwezi wa tano namba za Kasulo zilikuwa zinaruka. Jumatatu mia nne arobaini, Alhamisi mia sita. Jumatatu inayofuata mia nne arobaini na tano, Alhamisi mia tano na tisini. Hata barabara ya malori haikufika huko. Profesa wake Lubumbashi alikuwa ameandika kwa ufupi: kituo kinachoruka bila sababu inayojulikana kiondolewe chote, tangu chupa ya kwanza. Alitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

"Chote?" Mama Louise aliuliza. "Na ya wakati ya mvula?"

"Yote makumi munane na munane, mama. Anasema kama hatuyue kwa nini inaruka sasa, hatuwezi kuamini ya mbele. Tutabaki na barabara, na Mashamba, na takataka, na Tenke."

"Na fasi batu banaishi?"

Merdi akauliza kwa sauti ndogo, akitazama funguo, kama labda siku moja moja Mama alisahau, akapumua.

Mama Louise hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akaleta kaye, akaiweka juu ya magoti ya msichana, akasema hajapumua. Lakini Merdi alipoondoka, alikaa pale pale muda mrefu, mikono juu ya kitenge. Chupa themanini na nane. Hakuwahi kukosa hata moja, wala siku ya homa, wala siku ya kilio cha dada yake. Tangu alipomaliza darasa la sita hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aandike kitu chochote.

Aliinua macho akauona moshi wa Mamie.

Ulikuwa wa jioni, lakini ni ule ule wa asubuhi: kuni mbichi, sufuria kubwa ya mafuta, wingu la buluu linalopita juu ya uzio. Kumbe ndio huo, aliwaza. Mamie alikaanga siku sita za wiki, ni kweli, na zaidi ya hatua thelathini kutoka kwenye nguzo. Lakini jambo lenye moshi linaonekana kuwa na kosa kabla hujalipima. Kesho yake baada ya misa alikwenda.

"Unasema mi njo naharibu hewa?" Mamie aliweka mikono kiunoni. "Hii hewa ya Kolwezi, yenye malori, yenye mashimo, yenye baruti saa saba ya muchana, ni mikate yangu njo inaiharibu?"

"Wiki mbili tu, Mamie. Songeza sufuria ngambo ya barabara. Tuone."

"Mama ya Hewa," Mamie alisema, akitikisa kichwa. "Sawa. Juu ni weye. Lakini wiki mbili, haiko tatu."

Akahama. Kila alfajiri alivuka barabara na sufuria yake, unga wake, kiti chake. Wachimbaji waliozoea kumkuta kwenye uzio walipita wakatazama mahali patupu, wengine wakaendelea na safari yao na njaa yao. Mama Louise aliyaona yote akiwa kwenye nguzo, kifua kimejaa pumzi. Kila Alhamisi, mbabula ikiwa imewaka vizuri nyuma yake, alijaza chupa akiwa na hakika kwamba mara hii mstari utashuka.

Tarehe kumi na nne: mia sita na kumi. Tarehe ishirini na moja: mia sita na nne.

Merdi alituma namba kwa simu bila neno lingine. Zilifika Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mama Louise alifuta meza, akaweka simu upande mmoja na kaye upande mwingine, akaleta bakuli la maharagwe. Aliandika tarehe za Alhamisi zote za baridi kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, na penye namba kubwa akaweka haragwe. Alikwenda polepole, kama anayechagua mchele. Alipomaliza aliona mambo mawili. Maharagwe yalikuwa manane. Na tarehe mbili zilibaki tupu: tisa ya mwezi wa sita, na thelathini ya mwezi wa sita. Siku hizo mbili Alhamisi ilikuwa na namba kama ya Jumatatu.

Akafungua kaye kwenye tarehe tisa, akafuata mstari kwa kidole mpaka Mengineyo. *Leo hakuna mgeni. Tata Barnabé aliaga wiki iliyopita, yuko Tenke kwa kilio cha shangazi ya mke wake. Nimekunywa chai ya jana, baridi.* Tarehe thelathini: *Sikukuu ya Uhuru, hakuna kazi, hakuna mgeni. Watoto wanapita na bendera.*

Akatazama penye maharagwe. *Tata Barnabé amepasha miguu. Vikombe viwili. Tata Barnabé analalamika goti. Vikombe vitatu. Tata Barnabé amesifu makala.*

Kwanza aliwaza pikipiki, na kwa dakika moja alifurahi. Lakini pikipiki ilifika wakati chupa imeshafungwa, hilo lilikuwa limeandikwa kila wiki kwa mkono wake mwenyewe. Basi kitu gani kilimtangulia Barnabé? Kitu gani kilikuwepo siku anayokuja, na hakikuwepo siku asiyokuja?

Alisimama akatoka nje. Mbabula ilikuwa chini ya ukingo wa paa, na majivu ya jana. Akaanza kuhesabu kutoka pale hadi nguzo, kisigino kikigusa vidole, halafu akaona anajidanganya kwa hatua fupi, akarudi akatembea kawaida. Hatua nane.

Hakuwa ameandika uongo. Kwenye safu ya moshi aliandika *hapana*, na moshi haukuwepo. Alipepea mpaka mkono ukamuuma ili usiwepo. Kwenye safu ya moto wa kupikia aliandika *hapana*, kwa sababu kupika ni bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo. Mbabula ya mgeni hakuiona kama moto. Ilikuwa sehemu ya kusema karibu. Na aliamini, kama kila mama anavyoamini, kwamba makala yakishakuwa mekundu ubaya wote umetoka na moshi, kumebaki joto safi. Sasa akakumbuka neno la Merdi la siku ya kwanza, lililompita kando: zile punje nyekundu hazina rangi wala harufu, ni za kwenye hesabu tu.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo, tusimfanye malaika. Alhamisi ijayo angewasha kwenye jiko la nyuma, namba zingeshuka zenyewe, na kila mtu angesema: mnaona, ilikuwa mikate ya Mamie. Lakini kupitia uzio alisikia kiti kikiburuzwa. Mamie alikuwa anafunga vitu vyake ili kesho alfajiri avuke tena barabara.

Akaenda hivyo hivyo, bila kubadili kitenge.

"Mamie, haiko moto yako," alisema. "Ni yangu. Mbabula ya Barnabé."

Mamie alikuwa ameinama juu ya unga. "Wiki mbili, Mama Louise."

"Nayua."

"Wiki mbili niko navuka barabara na sufuria sawa mwizi. Bachimbaji bananiuliza kama bwana yangu alinifukuza."

"Nayua. Nakuomba unisamehe. Nilifuata moshi na macho, sikuangalia kwangu."

Mamie alijifuta unga kwenye vidole, kimoja kimoja. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Mama Louise akadhani analia. "Yaani," Mamie alisema, akicheka mpaka machozi yakatoka, "yaani weye unajifunga pumuzi, unavimba sawa nyanya, na nyuma yako umewasha mbabula! Aa, Mama ya Hewa! Na Barnabé sasa? Atapasha goti wapi?"

Kumwambia Merdi kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu Merdi hakucheka. Alikuja Jumamosi asubuhi, akapima kwa futi kutoka mbabula hadi nguzo, akasoma ukurasa baada ya ukurasa wa Mengineyo, mdomo ukitembea. Mwishowe akasema profesa hataamini kwa maneno matupu.

"Basi nipe chupa moja ya kupoteza," alisema Mama Louise. "Siku ya kwanza, Jumatatu, nitajaza chupa ya kwanza bila moto. Kisha nitawasha, nitangoja makala inakuwa nyekundu, bila moshi, sawa ya Barnabé. Barnabé haiko, pikipiki haiko, Mamie akae kwake kule kule barabarani. Nijaze ya pili. Tuone."

Jumatatu alifanya kama alivyosema. Merdi mwenyewe alikuja kuzichukua zote mbili kabla ya saa mbili.

Jumatano mchana simu ililia. Chupa ya kwanza mia nne arobaini na nne. Ya pili mia sita na tatu. Merdi alikuwa ametuma namba hizo Lubumbashi pamoja na picha za kurasa kumi na moja za kaye, jogoo na kila kitu. Profesa alisoma, akauliza maswali mawili, akakubali. Alhamisi nane zitatoka, kila moja na sababu yake pembeni. Chupa themanini na tano zinabaki.

"Kituo inabaki, mama," Merdi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini baada ya kusimama siku nyingi. "Na anauliza kama utaendelea mwaka wa pili."

"Mwambie anipe kaye ingine. Hii imebakia kurasa tatu."

Halafu alikaa kwenye sakafu nyekundu ya Tata Kyungu, akachukua rula na biki, akapiga safu mpya katika kurasa hizo tatu, kati ya moshi na moto wa kupikia. Juu yake akaandika: *Mbabula ya mgeni*.

Alhamisi ya tarehe ishirini na nane Tata Barnabé aliwahi. Barabara ilikuwa tupu, akafika dakika moja tu baada ya saa kumi na mbili, akaiacha pikipiki barabarani, akaingia uani pua ikitiririka kwa baridi, akamkuta Mama Louise kwenye nguzo na viti viwili bila kitu mbele yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama Louise, nilikosa nini? Ni mke yangu alikuambia kitu?"

Mama Louise alikuwa ameshafungua koki. Kifua kimejaa, mashavu yamevimba, alimwonyesha kiti kwa kidole.

"Hata jambo, hata habari! Niko nakufa na baridi hapa."

Kidole kikarudia: kaa. Akakaa, akajikunja katika koti lake kama kuku anayeatamia. Hapo ndipo sauti ya Mamie ilipotoka kwenye uzio. Mamie alikuwa amerudi mahali pake pa zamani, na kwenye kikaango chake cha zamani alikuwa amebeba makala mekundu kutoka motoni kwake, ameyashika kwa vitambaa viwili, anakuja mbio ndogo ndogo.

"Mbabula ya Barnabé hii! Niliona haina moto, nikasema—"

Mama Louise alinyoosha mkono mzima, kiganja wazi, kama polisi wa njia panda. Pampu thelathini na nane. Thelathini na tisa. Mamie akasimama ghafla kwenye mlango wa uzio.

"Mama Louise, niko naungua."

Kiganja hakikushuka. Alipiga kwa mkono mmoja sasa, mdomo umefungwa, macho yakimsihi Mamie arudi nyuma. Mamie akarudi nyuma hatua moja. Macho yakasihi tena. Akarudi nyuma mpaka kwake kabisa, akicheza-cheza kwa miguu, akihamisha kikaango huku na huku, na kusema maneno ambayo hayafai kuandikwa hata kwenye Mengineyo.

"Beko banafanya nini hapa?" Barnabé aliuliza hewa.

Hamsini na tisa. Sitini. Mama Louise alifunga koki, akaibana mara mbili, akabandika karatasi. Kisha akatoa pumzi yote kwa mara moja, wingu refu jeupe katika baridi.

"Sasa leta," alisema. "Jambo, Tata Barnabé. Ulilamuka?"